Karo la Nariokotome

Mtu wa bara akisikia neno karo, moyo wake hukimbilia ada ya shule na barua ya mwalimu mkuu. Ilhali mtu wa pwani, hasa aliyelelewa na bibi mwenye nyumba ya mawe, hufahamu kwanza lile bakuli la jiwe au la saruji lililojengwa jikoni kwa kuoshea vyombo, lenye tundu la kutolea maji machafu. Tafauti hiyo ilitutia kicheko, mimi na shemeji yangu mwalimu, siku aliponiletea habari kutoka Nariokotome kwamba anataka shauri langu, na fedha kidogo ikiwezekana, katika jambo la karo. Nami, kwa haraka ya mtu anayedhani amekwisha kufahamu, nikamjibu kwamba mwezi ule hali yangu haikuwa njema na kwamba watoto wavumilie. Kumbe alikuwa akikarabati jiko la nyumba yake, na watoto wake walikuwa darasani salama. Nilikwenda mwenyewe kumwomba radhi, na nilipokuwa kule nikatambua kwamba swali lake lilihusu tarikhi ya nchi ile zaidi kuliko bei za dukani.

Nariokotome ipo ufukoni, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, katika njia iendayo kaskazini kutoka Kalokol kuelekea Lowarengak na mpaka wa Uhabeshi. Jina lake limesikika duniani kwa sababu ya mifupa: mwezi wa Agosti 1984, Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa na jicho la ajabu la kuitambua mifupa ya kale, aliokota kando ya laga, yaani mkondo wa mto wa msimu, kipande kidogo cha fuvu, na wataalamu waliokuwa pamoja na Richard Leakey na Alan Walker wakachimba hata wakapata karibu mifupa yote ya mwili wa mvulana aliyeishi miaka 1,500,000 iliyopita na zaidi. Jambo ambalo wasimulizi wengi hulipitia kwa haraka ni kwamba mvulana yule alilala katika tope la kinamasi. Mahali ambapo leo mama hutembea na mtungi kichwani kutafuta maji palikuwa na maji ya kufunika maiti.

Msomaji atauliza: mbona ziwa liko pale pale, la kijani, halina mwisho machoni? Maji yake mengi huletwa na mto Omo kutoka Uhabeshi, wala hakuna mto unaoyatoa. Yanayoingia hutoka kwa kuvukizwa na jua tu, na kwa sababu hiyo chumvi na magadi hubaki na kuzidi. Watu huyanywa pale wasipopata mengine, na meno ya wengi yana rangi ya hudhurungi iliyotiwa na floridi. Sufuria iliyooshwa kwa maji hayo ikikauka huvaa utando mweupe. Maji matamu, kwa desturi ya nchi, hutafutwa chini ya mchanga wa laga.

Huko ndiko ilikoanzia tarikhi ya karo la Waturkana, kama nikiruhusiwa kuliita hivyo. Kisima cha laga huchimbwa kwa mikono, na kikiwa kirefu watu husimama humo mmoja juu ya mwingine, wakipokezana chombo kutoka kiganja hata kiganja mpaka maji yafike juu, ambako humiminwa katika atubwa, yaani hori lililochongwa kutokana na gogo moja, na wanyama wakanywa kwa zamu. Atubwa ni chombo cha kupokea maji, kina ukingo na tumbo kama karo lolote. Kilichokosekana ni tundu, na sababu yake ni kwamba hapakuwa na maji ya kumwagwa. Vyombo vya chakula vilikuwa vya mti na ngozi: elepit ya kukamulia maziwa, ebur ya kuhifadhia samli, na vibuyu, na vyombo vya namna hiyo havipendi maji mengi, kwa maana huoza au hupasuka. Husafishwa kwa moshi wa vijiti vilivyoteuliwa, na moshi huo huyafanya maziwa yakae muda mrefu pasina kuharibika, fauka ya kuyapa ladha ambayo mwenyeji akiikosa husema maziwa hayana maana.

Nilimtazama jirani wa shemeji, mama mtu mzima mwenye shanga zilizopanda shingoni hata kidevuni, akiosha sufuria ya ugali kivulini mwa ekol, kile kibanda cha mchana ambacho ndicho jiko la nyumba. Kwanza alikwangua ukoko kwa kigae cha kibuyu. Kisha akatia konzi mbili za mchanga mkavu na jivu kidogo, akasugua kwa kumbi la tunda la mkoma, akaukung'uta mchanga wote. Na mwisho kabisa akamimina maji kiasi cha kikombe kimoja cha chai, akayazungusha mara mbili, wala hakuyamwaga, bali alimwendea nayo mbuzi aliyekuwa amefungwa kwa sababu ya mguu mbovu. Sufuria iling'aa. Mfereji wa mjini ulioachwa wazi hutoa lita sita au zaidi kwa dakika moja, na mimi mwenyewe, nasema kwa haya, huuacha wazi.

Pwani mambo yalikwenda njia nyingine, maana maji ya kisima yalikuwa karibu na chokaa ilikuwa tele. Katika magofu ya Gede zimeonekana nyumba zenye visima, vyoo na njia za maji machafu zilizojengwa kabla ya Mreno kufika. Na Lamu birika la nyumba lilitiwa samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu, na chini yake likawekwa bakuli la kaure la Uchina. Unguja, Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alileta maji mjini kwa mabomba kutoka chemchemi. Lugha yenyewe imehifadhi safari hiyo: birika na sufuria ni mali ya Kiarabu, bomba tumelipata kwa Mreno, karai na debe vimetoka Bara Hindi. Turkana havikufika kwa jahazi. Vilifika mgongoni mwa punda na ngamia wa wafanyabiashara, na baadaye katika magari ya serikali.

Debe ndilo lililotangulia kubadilisha desturi. Lile bati la mafuta ya taa, lenye kuchukua galoni nne, lilikuwa jepesi, halikupasuka, na lilitiwa motoni bila hofu. Na palipokuwa na boma la serikali, askari, karani na mfungwa walioga, walifua na kupika kwa hesabu ya madebe. Lokitaung, katika vilima visivyo mbali na Nariokotome, ndiko walikofungwa Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei na Kung'u Karumba baada ya hukumu ya Kapenguria ya mwaka 1953. Na kwa kuwa Kenyatta alikuwa mzee kuliko wenziwe, alisamehewa kazi za sulubu akapewa kazi ya upishi. Waandishi wa siasa huitaja habari hiyo kama kichekesho, walakini mimi huitazama kwa jicho la jikoni: rais wa kwanza wa Kenya alikaa miaka akipika katika nchi ambayo kila sufuria iliyooshwa ilipunguza maji ya kunywa. Mwaka 1959 alihamishiwa Lodwar, mji wa joto kali ulio kando ya mto Turkwel, na huko alikaa hata 1961.

Mwaka huohuo wa 1961 ilikuja njaa kubwa. Mifugo ilikufa, watu wakakusanyika katika makambi ya kugawiwa chakula, na wamisionari wa Kikatoliki wakaingia kwa mara ya kwanza kukaa, kwa maana kabla ya hapo Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, haingiliki bila ya ruhusa. Pamoja na unga wa mahindi ikaja sufuria ya alumini, kwa sababu ugali haupikwi katika kibuyu. Na pamoja na sufuria likaja karai, kwa sababu ukoko wa ugali unataka kurowekwa. Sijaona kitabu kilichoandika hivyo, lakini wazee niliozungumza nao waliliona jambo hili kuwa dhahiri mno hata wakastaajabu kuulizwa. Karai lilioshea vyombo asubuhi, likaoshea mtoto adhuhuri, likabebea zege alasiri. Na jua likizama liligeuzwa kifudifudi likawa kiti.

Kambi ya Kakuma ilipofunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan, wilaya ilipata mji ambao haukuwahi kuwapo, na mji una hoteli. Makopo ya mafuta ya msaada yalikunjuliwa yakawa milango na mapaa, mitungi ya plastiki ya lita 20 ikalifukuza debe, na Wahabeshi na Wasomali wakafungua mikahawa ambayo mlangoni mwake palisimamishwa pipa lenye mfereji mdogo, na chini yake beseni juu ya kigoda, ili mteja anawe kabla ya kula. Naamini hilo pipa ndilo babu wa karo la jikoni katika Turkana ya leo, kuliko makaro ya misheni na ya nyumba za serikali, ambayo wenyeji wachache waliruhusiwa kuyagusa isipokuwa kwa kuyasugua.

Basi likaja swali la shemeji. Alikuwa ameletewa kutoka Kitale picha za makaro ya namna tatu: la saruji iliyong'arishwa, la bati lililopakwa kauri, na la chuma kisichoshika kutu chenye mabakuli mawili. Chuma hicho, ambacho Harry Brearley wa Sheffield alikigundua mwaka 1913 alipokuwa akitafuta madini ya mitutu ya bunduki isiyoliwa haraka, si cha namna moja: kile cha kawaida, kiitwacho 304, kina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama asilimia 8, na maji ya chumvi yakilala juu yake kwa muda huweza kukitoboa vijitundu; kiitwacho 316 kimeongezwa molibdenamu nacho hustahimili chumvi zaidi, walakini bei yake humfanya mwalimu ashike kichwa. Kadhalika ajihadhari na namba ya geji, kwa maana namba ikiwa kubwa chuma huwa chembamba, na wauzaji wengi huitaja kana kwamba ukubwa wake ni sifa.

Lakini adui mkubwa hakuwa chumvi, alikuwa mchanga. Fundi wa bomba hufunga chini ya karo pindo la kuzuia harufu, ambalo daima hubaki na maji ndani yake. Na mahali ambapo vyombo husuguliwa kwa mchanga, na upepo wa ziwa huingiza mchanga mwingine dirishani, pindo hilo hujaa katika majuma machache. Nilimwuliza shemeji bomba lake litamwaga wapi. Akanionyesha ukuta. Nikamwuliza nyuma ya ukuta kuna nini. Akasema, hakuna kitu.

Mwaka 2013 ilitangazwa duniani kwamba chini ya uwanda wa Lotikipi, magharibi kutoka huko, kuna maji ya kutosheleza nchi nzima kwa miaka mingi, na vijana wakapiga picha wakiyachezea. Miaka miwili baadaye visima vya majaribio vilionyesha kwamba ni ya chumvi mno kwa kunywa. Kwa hiyo sikumshauri shemeji achague karo kwa kutegemea maji yajayo. Tulichagua bakuli moja la chuma cha 304, lenye kina cha kutosha kumeza sufuria kubwa, na kuacha la pili, kwa sababu bakuli la pili ni la kusuuzia kwa maji yanayotiririka. Tukaacha pindo, tukaweka ndoo ya kuzamisha mchanga nje ya ukuta, na mdomo wa bomba tukauelekeza kwenye mche wa mwarobaini. Karo hilo limekwisha kufungwa. Tundu la mfereji limezibwa kwa kizibo cha plastiki, mtungi wa lita 20 umewekwa kando yake juu ya kigoda, na karai la zamani linaning'inia msumarini nyuma ya mlango.