Safari: Asili ya Neno na Njia Lililopita

Neno safari liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambako safar ni mwendo wa kutoka mahali kwenda mahali pa mbali. Waswahili walilitia irabu mwishoni, kama walivyofanya kwa maneno mengi ya Kiarabu yanayokomea kwenye konsonanti, kisha wakayanyambua maneno ya ukoo huo kwa taratibu za Kibantu hadi wakapata safirisha, usafiri na usafirishaji. Neno msafiri linaonyesha vizuri zaidi jinsi kazi hiyo ilivyofanyika. Kiarabu husema musafir, na mu- ya mwanzo ni kiambishi cha Kiarabu kinachounda jina la mtendaji. Waswahili waliisikia kama m- yao wenyewe, ile ya mkulima na mvuvi, na wingi wake ukawa wasafiri. Viambishi vya lugha mbili zisizo na undugu vilikutana katika neno moja, na mzungumzaji wa kawaida hana sababu ya kuhisi kwamba kuna kilichobadilishwa.

Katika Kiarabu neno hili lina ukoo mkubwa. Mzizi wake ni konsonanti tatu, sin, fa na ra, na moja ya maana zake kongwe ni kufunua: husemwa kwa mwanamke anayeondoa ushungi usoni na kwa alfajiri inapoanza kung’aa. Watunga kamusi wa Kiarabu wa zamani walieleza kwamba mwendo wa mbali uliitwa safar kwa sababu hufunua tabia za watu zilizofichika wakiwa nyumbani. Maelezo hayo yanaelekea zaidi kwenye maadili kuliko kwenye isimu, lakini yamerudiwa kwa karne nyingi, na hakuna aliyetembea siku nyingi na wenzake atakayeyapuuza. Katika ukoo huohuo yumo safir, yaani mjumbe au balozi, na imo sufra. Sufra mwanzoni ilikuwa masurufu ya msafiri, kisha likawa jina la ngozi iliyotandikwa chini ili masurufu hayo yaliwe juu yake. Waajemi walilichukua wakapata sofre, kitambaa cha kutandikia chakula. Waturuki wakapata sofra, meza iliyoandaliwa kwa kula. Katika lugha hizo jina lililotokana na njia limeingia ndani ya nyumba na kukaa mahali ambapo familia hukutana kila siku.

Yapo pia maneno yanayofanana na safar kwa sauti au kwa maandishi ilhali asili yake ni nyingine. La kwanza ni sifr, kitabu, hasa kitabu cha dini. Neno hili huandikwa kwa herufi zilezile tatu, lakini wataalamu wengi wanaliona kuwa la mkopo kutoka Kiaramu, na jamaa yake wa karibu ni sefer ya Kiebrania, yenye maana ya kitabu. Nyuma yake kabisa kipo kitenzi cha Kiakadi cha Mesopotamia ya kale, shaparu, kutuma ujumbe. Wingi wa safar ni asfar, na wingi wa sifr ni asfar vilevile. Katika Sura ya Al-Jumua, punda anayetajwa kuwa amebeba asfar amebeba vitabu. Kufanana huko kumewapotosha hata wasomi. Mulla Sadra, mwanafalsafa wa Uajemi aliyefariki karne ya 17, aliandika kitabu kinachojulikana kama Al-Asfar al-Arba’a. Katika karne ya 19 Mfaransa Arthur de Gobineau alidhani ni habari za matembezi ya kawaida, na baadaye Mwingereza Edward Browne akakifasiri kuwa Vitabu Vinne. Ukweli ni kwamba kinahusu safari nne za roho kuelekea kwa Mungu na kurudi kwa viumbe.

Kundi la pili linaanza na herufi nyingine, swad, ambayo sikio la Kiswahili huisikia kama s tu. Humo mna Safar, mwezi wa pili wa kalenda ya Kiislamu, ambao watu wa mwambao huuita Mfunguo Tano. Humo pia mna sifr ya swad, yaani kitupu, neno ambalo wanahisabati wa Kiarabu walilitumia kufasiri jina la Kihindi la tarakimu isiyo na thamani. Mwaka 1202 Leonardo wa Pisa, maarufu kwa jina la Fibonacci, aliliandika kwa Kilatini kama zephirum, na kutoka hapo Waitaliano wakapata zero. Njia nyingine ya neno hilohilo iliwapa Wafaransa chiffre na Wajerumani Ziffer, yote yakiwa na maana ya tarakimu yoyote. Kiswahili hakikupitia Ulaya. Kilichukua sifuri moja kwa moja. Herufi hizo za swad, fa na ra zinahusu pia rangi ya manjano na shaba ya manjano, na huko ndiko ilikotoka sufuria, chungu cha madini. Hivyo safari, sifuri na sufuria, ambayo mtu angeweza kuyadhani ndugu kwa kuyasikia tu, yametoka katika mizizi miwili: safari upande wa sin, na mengine upande wa swad.

Kaskazini, neno la safari lilishikwa na dola. Katika Kituruki cha Waosmani, sefer lilikuwa mwendo wa jeshi kwenda vitani, na kutoka hapo likaundwa neno seferberlik, yaani kuwaita watu wote wajiandae kwa vita. Vita Kuu vilipoanza mwaka 1914, amri hiyo ilitangazwa katika nchi za Waarabu zilizokuwa chini ya Istanbul. Huko Lebanoni na Siria, Waarabu waliopokea upya neno lao likiwa limevaa vazi la Kituruki walilitamka safar barlik, na mpaka leo linakumbusha vijana waliochukuliwa wasirudi na njaa iliyoua watu wengi mno. Ni vigumu kupata mfano mchungu zaidi wa neno la kawaida lililogeuzwa na historia. Musafir naye alikuwa na bahati njema zaidi: Kituruki humwita misafir, na maana yake ni mgeni wa nyumbani. Wagiriki, Waromania na Wabosnia walilichukua likiwa na maana hiyohiyo. Aliye njiani kwa Mswahili, huko amekwisha fika na amekaribishwa ndani.

Katika Afrika Mashariki neno hili lilikua pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19. Kutoka Bagamoyo, watu walipanda kwenda Tabora na kuendelea mpaka Ujiji, zaidi ya kilomita 1,000, wakipeleka nguo, shanga na nyaya na kurudi na pembe za ndovu. Njia hizohizo zilipitisha pia watumwa. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na wapagazi waliosifiwa kuliko wote walikuwa Wanyamwezi, ambao walikuwa wakishuka pwani kwa misafara yao wenyewe. Lugha ya njia hiyo ilikuwa na istilahi zake: kirangozi aliyetangulia, mnyapara aliyesimamia watu, posho ya kila siku, na hongo, ushuru waliotozwa wasafiri na watawala ili wapite katika nchi zao. Hongo ya wakati huo ilikuwa malipo yanayojulikana na kujadiliwa hadharani. Ya leo ni rushwa. Maneno safari na msafara nayo hayakuwa yametengana kama yalivyo sasa, kwani kundi zima la watu na mizigo yao liliweza kuitwa safari.

Lugha za jirani zilikuwa na majina yake ya mwendo kama huo. Wanyarwanda wana urugendo, Waganda wana olugendo, kutokana na kitenzi cha Kibantu cha kwenda. Wagiriama wana charo. Hata hivyo safari lilienea mpaka likawa jina la mtu. Katika Rwanda na mashariki ya Kongo wapo wanaume wengi wanaoitwa Safari, kama walivyo kina Charo katika pwani ya Kenya.

Waswahili wenyewe walilitumia kwa mapana yake yote. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha huko Göttingen kitabu cha Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa habari zilizosimuliwa na wenyeji wa Afrika Mashariki. Mmoja wao, Salim bin Abakari, anaeleza safari yake ya Urusi na Siberia. Hakwenda kuwinda wala kutazama wanyama, na hakuna Mswahili aliyeona jina la habari yake kuwa la ajabu.

Kiingereza kililipata neno kwenye njia hiyohiyo ya Bagamoyo. Richard Burton, aliyeondoka pwani mwaka 1857 pamoja na John Speke na kufika Ziwa Tanganyika mwaka 1858, ni miongoni mwa waandishi wa kwanza kuliingiza katika Kiingereza, likiwa na maana ya msafara. Kilichobadilisha maana ni bunduki na reli. Baada ya reli ya Uganda kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901, Nairobi ikawa kituo cha wawindaji matajiri. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa Aprili 1909, akaondoka na wapagazi zaidi ya 200 kwa niaba ya makumbusho ya Smithsonian, akamalizia Khartoum Machi 1910. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512. Magazeti ya dunia yalifuata habari zake, na tangu hapo msomaji wa Ulaya au Marekani alipoona neno safari aliona mahema, kofia pana na simba aliyelala chini. Wapagazi waliobeba mizigo hiyo yote walitoweka katika maana ya neno, ingawa bila wao pasingekuwa na mwendo wowote.

Kamera zilipochukua nafasi ya bunduki, maana ya wanyama ilibaki. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na biashara ya safari ikaendelea kukua. Mwaka 1966 mbuga ya Longleat, Uingereza, ilianza kuwaonyesha simba watu waliokaa ndani ya magari yao, na mahali pa namna hiyo pakaitwa bustani ya safari. Suti ambayo Waingereza huihusisha na safari, Watanzania na Wazambia huiita kwa jina la Kenneth Kaunda. Mashindano ya magari yaliyoanza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ndiyo pekee kati ya matumizi hayo ya kigeni yaliyobaki karibu na asili: Safari Rally ni mwendo mrefu wenye taabu, na wanyama si shabaha yake.

Kiswahili kimepanua neno upande wake. Husemwa safari hii kwa maana ya mara hii, na Waturuki husema bu sefer kwa maana ileile, kwa sababu lugha zote mbili zilihesabu matukio kama watu wanavyohesabu miendo. Kiarabu nacho kimelipokea tena neno lake kupitia lugha za Ulaya, likiwa na irabu ndefu mbili, safaari, na sasa hulitumia kwa ziara za mbugani huku safar ikibaki kwa mwendo wa kawaida. Vitabu vya watalii vinavyodai kwamba safari kwa Kiswahili ni kwenda kutazama wanyama vinawasomesha wageni maana ya Kiingereza. Kwa Kiswahili, abiria wa basi la Mwanza, nahodha wa jahazi la Lamu na mgonjwa anayehamishiwa hospitali ya Muhimbili wote wako safarini.