Ukuaji wa Mtoto katika Nyanda za Juu Kusini: Kutoka Tumboni hadi Rika

Mikoa ya Mbeya na Iringa ina kumbukumbu nzito kuhusu namna binadamu anavyokua kimwili na kilugha, kwa kuwa katika karne ya ishirini ilichunguzwa kwa nyakati tofauti na wanaanthropolojia waliotaka kujua vijana wanavyolelewa, na madaktari waliofuatilia uvimbe wa shingo, na wataalamu wa lishe waliopima uzito wa watoto kijiji kwa kijiji. Kumbukumbu hizo zikisomwa pamoja, zinaonyesha kwamba mwili na lugha hukua kwa pamoja, na kwamba kila hatua ya ukuaji humtegemea mtu mwingine wa kuibeba: kwanza mama mjamzito, kisha walezi wa mtoto mchanga, na hatimaye wenzake wa rika.

Hatua ya kwanza huanza kabla ya kuzaliwa. Ubongo wa kijusi, yaani mtoto aliye bado tumboni, hujengwa kwa msaada wa homoni za tezi ya shingo, na kwa kuwa katika miezi ya mwanzo tezi yake haijaanza kufanya kazi, kijusi hupokea homoni hizo kutoka kwa mama, ambaye naye hawezi kuzitengeneza bila iodini, ile inayojulikana nchini Tanzania kama madini joto. Mvua za miaka mingi huosha madini hayo kutoka katika udongo wa milimani, na mazao yanayoota humo huyakosa, tofauti na samaki wa baharini ambao wanayo kwa wingi. Upungufu mkubwa wakati wa ujauzito huweza kusababisha mtoto azaliwe na mwili uliodumaa, akili iliyochelewa, na pengine uziwi unaomnyima lugha ya kusemwa. Utafiti wa Michael Latham uliochapishwa mwaka 1965 ulionyesha jinsi rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, ulivyoenea Ukinga, katika Wilaya ya Makete ya sasa, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa hadi Mkoa wa Njombe ulipoanzishwa mwaka 2012. Kuanzia mwaka 1986 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, kabla ya chumvi yenye madini hayo kuenea katika miaka ya 1990. Wachumi Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero, katika utafiti wa mwaka 2009, walikuta kwamba watoto ambao mama zao walikingwa kwa vidonge hivyo walipiga hatua zaidi shuleni kuliko wasiokingwa, na kwamba manufaa yalikuwa makubwa zaidi kwa wasichana.

Lugha nayo huanza tumboni, kwa maana katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito kijusi husikia sauti ya mama na mwendo wa usemi wake, na mtoto mchanga huitambua sauti hiyo punde baada ya kuzaliwa. Kwa hiyo mtoto wa Kihehe, lugha inayotofautisha maana kwa kupandisha na kushusha sauti, na mtoto wa Kinyakyusa, lugha isiyotumia toni kwa namna hiyo, huanza maisha wakiwa wamezoea midundo tofauti. Karibu na mwezi wa saba mtoto hutamka silabi za kurudiarudia, na karibu na mwaka wa kwanza hutoa neno lenye maana. Katika Rungwe ya zamani, nchini kwa Wanyakyusa, lugha aliyoisikia kwa mama yake ilikuwa na sura ya pekee, kwani mke aliyeolewa alifuata mwiko uitwao ingamwana, uliomtaka amwepuke baba mkwe wake na asitamke jina lake wala maneno yanayofanana nalo, ambayo aliyabadilisha kwa maneno mengine. Mtoto aliyebebwa mgongoni mwa mama huyo alisikia msamiati wa heshima pamoja na ule wa kawaida, na alikua akijua kwamba usemi hufuata nafasi ya msemaji katika ukoo.

Mtoto anapoanza kula zaidi ya maziwa ya mama, hatari hubadilika. Mwaka 1983 ulianza Mpango wa Lishe wa Iringa, uliofadhiliwa na serikali ya Italia kupitia UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ukishirikiana na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliyoanzishwa mwaka 1973, na ukahusisha vijiji 168. Katika Siku za Afya za Kijiji watoto walipimwa uzito, alama zikawekwa kwenye kadi ya ukuaji, na wanakijiji wenyewe wakajadili sababu za mtoto kupungua uzito na hatua zilizo ndani ya uwezo wao. Majadiliano hayo yalifichua kwamba tatizo halikuwa uhaba wa mahindi. Tumbo la mtoto mdogo ni dogo na linahitaji kulishwa mara nyingi kwa siku, ilhali mama alikuwa shambani tangu alfajiri, na uji wa asubuhi ulikuwa ama mwepesi usio na nguvu, ama mzito usiomezeka. Vijiji vikaanzisha vituo vya kulelea watoto mchana, na matumizi ya kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa, yakahimizwa kwa sababu huulainisha uji mzito bila kupunguza nguvu yake. Kati ya mwaka 1984 na 1988 idadi ya watoto wenye uzito pungufu katika vijiji hivyo ilishuka kutoka takriban asilimia 56 hadi 38, na wale wenye upungufu mkali kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8. Uzoefu huo ulichangia mwongozo wa UNICEF wa mwaka 1990, uliotambua matunzo ya mtoto kuwa sharti la lishe bora sawa na chakula na huduma za afya.

Mtoto wa kiume alipofikia umri wa miaka kumi au kumi na mmoja, malezi yake katika Unyakyusa yalihamia mikononi mwa wenzake. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Rungwe kati ya mwaka 1934 na 1938 wakisaidiwa na karani wao Leonard Mwaisumo, walieleza jinsi wavulana waliokwisha kuchunga ng'ombe wa baba zao walivyoondoka nyumbani na kujenga vibanda vyao pembeni, wakaanzisha kijiji cha rika, yaani makazi ya watu wa umri mmoja. Waliendelea kulima mashamba ya baba zao na kula kwa mama zao, wakizunguka kwa makundi kutoka nyumba hadi nyumba, lakini walilala na kuzungumza pamoja, na kijiji hicho kilikua nao hadi walipooa. Katika kitabu chake cha mwaka 1951, Monica Wilson alionyesha kwamba lengo la maisha hayo lilikuwa ukwangala, yaani raha ya kukaa na wenzako kwa mazungumzo na ukarimu, ambayo Wanyakyusa waliihesabu kuwa chimbuko la busara. Hapo kijana ambaye mwili wake ulikuwa ukibalehe alijifunza upande wa lugha ambao mtoto mdogo hauwezi: kubishana bila kutukana, kuwasilisha shauri, kutania kwa kiasi na kusikiliza. Wasichana hawakuwa na kijiji cha namna hiyo, kwani kuvunja ungo kuliwaingiza katika unyago na ndoa, na mapema zaidi kuliko kaka zao walibebeshwa kazi za nyumba ya watu wengine pamoja na mwiko wa ingamwana.

Vijiji vya rika vilidhoofika kadiri vijana walivyokwenda kutafuta kazi katika machimbo ya dhahabu ya Lupa na ya shaba huko Zambia ya leo, na kadiri ardhi ilivyokuwa adimu kwa wingi wa watu na mazao ya biashara. Nafasi yake ikachukuliwa na shule, ambayo tangu mwaka 1967 imefundisha elimu ya msingi kwa Kiswahili, na hivyo mtoto aliyetamka neno lake la kwanza kwa Kisafwa au Kibena huingia darasani kwa lugha ya pili, na kufikia sekondari hudaiwa kuelewa masomo yake kwa Kiingereza. Shule imewapa watoto hao taifa na wenzao wa mbali, jambo la thamani kubwa, lakini mwalimu mmoja mwenye wanafunzi wengi hana muda wa mazungumzo ambao kijiji cha rika kilikuwa nao jioni nzima.

Ndiyo maana takwimu za karibuni zinastahili kusomwa kwa uzito. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta udumavu, yaani kimo kilicho chini ya umri, kwa asilimia 57 ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano, wakati wastani wa Tanzania Bara na Zanzibar kwa pamoja ulikuwa asilimia 30, ingawa mkoa huo ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi. Vijiji vya Iringa vilikwisha kulijibu fumbo hilo miaka arobaini iliyopita, vilipotambua kwamba ghala lililojaa halimlishi mtoto ambaye mlezi wake hana nafasi ya kurudi nyumbani mchana. Mpango wowote wa kumkuza mtoto wa Nyanda za Juu Kusini utakaohesabu magunia bila kuhesabu muda wa mama, wa mlezi na wa mwalimu, utakuwa umepuuza elimu ambayo watu wa huko waliigharamia kwa watoto wao wenyewe.