Kiti kipya, gari kongwe: kutoka benchi la mbao hadi siti ya umeme Unguja

Kuna swali ambalo mafundi wa gereji za Ng'ambo hulisikia sana, na mara nyingi anayeuliza ameshatoa pesa tayari: "Fundi, siti hii itaingia?" Siti yenyewe imetoka kwenye gari mpya iliyofunguliwa spea. Ina ngozi, ina vitufe ubavuni, ukibonyeza inakwenda mbele na nyuma yenyewe. Gari inayoisubiri ni ya miaka thelathini iliyopita, milango miwili, bodi ya chini, na kiti chake cha asili kimebakia sponji na chuma.

Jibu la swali hilo karibu kila mara ni ndiyo, itaingia. Fundi akiwa na grainda na mashine ya kuchomelea, kipi kisichoingia? Jambo la kuulizia ni kile kitakachoishikilia siti hiyo siku gari itakaposimama ghafla. Ili tulielewe hilo vizuri, turudi nyuma kidogo, kwenye zama ambazo kiti cha gari Unguja hakikuwa kitu cha kununuliwa peke yake.

Wakati wa Waingereza, na miaka mingi baada ya Mapinduzi ya 1964, gari ya abiria ya kwenda mashamba haikuja imekamilika. Kilicholetwa ni chesisi: injini, fremu, ekseli na sehemu ya mbele. Bedford, chapa iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1931, iliuza lori zake kwa mtindo huo sehemu nyingi za dola ya Kiingereza, na bodi ikajengwa huko huko gari ilikokwenda. Kwa Unguja, kujenga bodi maana yake ilikuwa mbao. Kisiwa kilikuwa na maseremala wa kutosha. Hapa ndipo penye milango ya kuchongwa ya Mji Mkongwe na majahazi, kwa hiyo kuunganisha mihimili ya mbao ikastahimili mtikisiko halikuwa jambo geni. Matokeo yake mnayajua: paa la kubebea magunia, matenga na baiskeli, pembeni pawazi, na mabenchi mawili marefu yanayotazamana, magoti kwa magoti.

Mtindo huo haukufa na Bedford. Zilipokuja lori ndogo za Kijapani, fundi alizifanya vile vile, na hadi leo baadhi ya daladala za Unguja zinabeba watu hivyo. Tazama lakini nani amekalia nini. Dereva yumo kwenye kebini ya kiwandani, kwenye kiti chenye springi na sponji kilichopigiwa hesabu na mhandisi wa Japani. Abiria yuko nyuma juu ya ubao wenye mto mwembamba, tena kakaa ubavu. Breki ikikanyagwa, dereva anasukumwa mbele, mgongo wake ukiwa umeelekea nyuma ya gari kama kawaida. Abiria wa benchi anateleza kumwendea jirani yake, naye jirani anamwendea wa pili, mpaka wa mwisho anayekutana na ukuta wa kebini. Sote tumewahi kuwa huyo wa mwisho.

Na mtikisiko je? Mwili wa binadamu aliyekaa una tabia yake. Ukiutikisa juu na chini mara 4 hadi 8 kwa sekunde, uti wa mgongo na matumbo huitikia kwa nguvu kuliko mtikisiko wenyewe, kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Barabara mbovu hutoa mitikisiko ya kiwango hicho hicho kwa wingi. Kazi ya kiti kizuri ni kuichuja kabla haijafika mgongoni. Ubao hauchuji kitu. Kwa hiyo sielewi watu wanaocheka dereva anayehangaika kutafuta siti nzuri: mtu anayekaa saa kumi kwa siku nyuma ya usukani anatafuta mgongo wake, hatafuti sifa.

Benchi la mbao lilikuwa na sifa moja nzuri, hata hivyo. Lilikuwa sehemu ya bodi. Lilifungwa kwenye mihimili ile ile iliyobeba paa, na huwezi kulitoa bila kuvunja gari. Kiti cha kisasa ni kinyume chake. Kimeshikwa na bolti nne tu, na fundi aliyezoea anaweza kukitoa kwa dakika chache. Hapo ndipo kiti kilipogeuka bidhaa: kikaweza kuuzwa peke yake, kuvuka bahari na kuingia kwenye gari ambayo hakikutengenezewa.

Bidhaa hiyo ilifika kwetu kwa wingi baada ya milango ya biashara kufunguliwa Zanzibar katikati ya miaka ya 1980. Wafanyabiashara wetu walikuwa na njia mbili kubwa, Japani na Dubai, na kwa mtu anayetafuta siti ya umeme njia hizi mbili hazilingani hata kidogo. Sababu ni upande wa usukani. Zanzibar tunaendesha kushoto, urithi wa Mwingereza, na usukani uko kulia. Japani nao wanaendesha kushoto ingawa hawakuwahi kutawaliwa na Mwingereza, kwa hiyo kiti cha dereva wa Kijapani kinakaa sawa kwenye gari yetu. Dubai wanaendesha kulia, na usukani wao uko kushoto. Siti yenye mota nyingi na vitufe vingi kwa kawaida ni ya dereva, kwa hiyo ile ya Dubai ni ya upande wa kushoto, na vitufe vyake viko ubavu wa kushoto, karibu na mlango. Ukiihamishia kulia, vitufe vinabanwa katikati, kati ya siti na mgongo wa sakafu, mahali ambapo mkono hauingii. Ukiiacha kushoto, anayefaidi ni abiria. Nimeona gari ya namna hiyo: mke anajisogeza kwa umeme kama malkia, mume anavuta chuma chini ya kiti kwa mkono.

Siti ya umeme yenyewe ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Wamarekani walikuwa nazo kwenye gari za kifahari katika miaka ya 1950, na Cadillac Eldorado Brougham ya 1957 ilikuwa na siti inayokumbuka mkao wa dereva. Mercedes-Benz walipotoa S-Class yao ya 1979, swichi waliiweka mlangoni, wakaitengeneza kwa umbo la kiti kidogo. Ukitaka mgongo ulale, unalaza mgongo wa kile kiti kidogo. Hakuna haja ya kitabu cha maelezo. Kwangu mimi ni mojawapo ya swichi bora kabisa kuwahi kutengenezwa.

Gari za michezo za wakati huo hazikuwa na anasa hizo, na kwa sababu nzuri. Chukua ile ambayo Afrika Mashariki tuna haki ya kuiita yetu kidogo, Datsun 240Z. Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953, ilishindwa na gari hii mara mbili: 1971 kwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, kisha 1973 kwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, pamoja na Lofty Drews. Viti vya gari kama ile ni vyepesi, viko chini, na unavisogeza kwa mkono. Kila kilo ni adui wa gari ya michezo, na paa lake liko karibu na kichwa. Siti ya umeme inaongeza kilo kadhaa za mota na gia, na mara nyingi inamwinua dereva sentimita chache. Kwa mtu mrefu, sentimita hizo ndizo tofauti kati ya kukaa na kuinama.

Haya, tuingie chini ya kiti. Utakuta mota ndogo za volti 12, moja kwa kila mwendo: mbele na nyuma, juu na chini, mgongo. Mota inazungusha gia ya skrubu, nayo inasukuma kiti kwenye reli. Kwa nini kiti hakirudi nyuma chenyewe unapoegemea? Kwa sababu ile ile inayofanya jeki ya skrubu iinue gari bila gari kuizungusha jeki irudi chini. Mteremko wa meno ya skrubu ni mdogo mno, msuguano unaushinda. Ukizungusha skrubu, mzigo unasogea. Ukisukuma mzigo, skrubu haizunguki. Swichi nayo si uchawi: inageuza tu upande wa chanya na hasi, mota inazunguka kinyume. Ndiyo maana siti nyingi zisizo na kumbukumbu zinahitaji waya mbili tu, moja ya moto na moja ya bodi, na zinafanya kazi hata mezani kwa fundi. Zile zenye kumbukumbu huwa na kompyuta yake, na nyingine hazitikisiki mpaka zisikie lugha ya gari zilikotoka.

Waya mbili! Hapo ndipo watu wanapojiamini kupita kiasi na kuchukua moto kwenye waya wa kuwashia sigara. Tufanye hesabu ndogo. Kiti kikifika mwisho wa reli na wewe bado umebonyeza, mota inasimama na mkondo unaruka. Tuseme ampea 20. Waya wa shaba wenye unene wa milimita 1 ya mraba na urefu wa mita 3 una ukinzani wa omu 0.05 hivi. Kwa ampea 20 unapoteza volti 1 njiani, na wati 20 zinageuka joto ndani ya waya, chini ya kapeti. Tumia waya wa milimita 2.5 za mraba, joto linashuka hadi wati 8. Hilo bado si janga. Janga linaanza pale fyuzi ndogo inapoungua kila siku na mtu akachoka, akaweka kipande cha waya mahali pa fyuzi. Reli za kiti zinakwenda na kurudi juu ya waya huo. Siku zikiukata ganda, betri ina uwezo wa kusukuma mamia ya ampea, na hakuna tena kitu cha kukata. Waya mpya, utoke betri, na fyuzi yake iwe karibu na betri. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya siti.

Kuna kiungio kingine chini ya siti mpya, mara nyingi cha rangi ya njano. Hicho ni cha eabegi ya ubavuni. Usikipime kwa taa ya majaribio wala mita, kwa sababu mkondo mdogo tu unaweza kuilipua. Na ukishaifunga siti hiyo kwenye gari isiyo na mfumo wake, eabegi ile haitakulinda na chochote. Umebeba baruti ubavuni bure.

Lakini linalonikosesha raha zaidi ni bolti. Katika gari nyingi za zamani, mkanda wa usalama umefungwa kwenye bodi yenyewe, sehemu zilizoongezwa nguvu kiwandani. Siti ilibeba uzito wake tu. Katika gari nyingi mpya, kishikizo cha mkanda kimefungwa kwenye siti, ili kisogee nayo. Tofauti hii inaonekana ndogo mpaka uipigie hesabu. Gari ikitoka kilomita 50 kwa saa hadi sifuri ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mpunguo wake ni karibu mara 14 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Siti ya zamani ya kilo 15 inavuta bolti zake kwa niutoni 2,000 hivi. Siti mpya ya kilo 30 yenye mtu wa kilo 70, tukichukulia kwamba mzigo wote wa mkanda unapitia kwenye siti, inavuta karibu niutoni 14,000. Ni kama kuning'iniza tani 1.4, gari ndogo nzima, kwenye sakafu ambayo haikuwahi kuambiwa itafanya kazi hiyo.

Na sakafu zenyewe ni za Unguja. Hewa ya chumvi, mchanga wa pwani unaoingia na viatu, kapeti linaloloa masika na kukauka kiangazi. Chumvi inafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, na kutu ni kazi ya umeme mdogo mdogo kati ya sehemu moja ya bati na nyingine. Kapeti linaficha yote. Matundu ya siti mpya hayalingani na ya zamani, kwa hiyo mtu anatoboa mapya katikati ya bati tupu, anaweka washa ndogo, anakaza, anaendesha.

Mafundi wazuri hawafanyi hivyo. Wanatengeneza daraja la chuma kinene linaloanzia kwenye matundu ya asili, siti inakaa juu ya daraja, na mkanda unabaki kwenye bodi. Wanatumia bolti zenye namba 8.8 kichwani, siyo zile za dukani zisizo na alama yoyote. Pakilazimu tundu jipya, chini ya bati inawekwa sahani pana ya chuma ili mzigo usambae. Na kama daraja linainua siti mpaka kichwa kigonge paa, wapo wanaochukua sehemu ya juu tu ya siti mpya, yenye sponji na ngozi, wakaifunga kwenye reli za zamani za mkono. Umeme unapotea, mgongo unabaki salama. Mimi ningechagua hiyo.

Kabla ya yote, mwambie fundi afunue kapeti na agonge bati kwa mpini wa bisibisi, sehemu zote nne. Panapolia vizuri, endeleeni. Panapotoa sauti ya boksi, ageuze bisibisi na asukume kwa ncha. Ikizama, siti ya umeme isubiri kwanza, pesa iende kwenye bati.