Picha za harusi zilizobaki kwenye CD: namna ya kuziokoa

KATIKA miaka ya 2000, familia ya Matombo iliyokuwa ikioza binti iliweza kumwita mpiga video kutoka Morogoro mjini. Alifuata barabara ya Bigwa–Kisaki, akapita Mkuyuni, akarekodi misa, karamu na ngoma, kisha baada ya wiki kadhaa akawakabidhi wenye shughuli CD mbili au tatu zilizoandikwa majina ya maharusi kwa kalamu ya wino mzito. CD hizo ziliwekwa kabatini, pengine chini ya kitambaa juu ya televisheni, na kwa nyumba nyingi hiyo ndiyo nakala pekee iliyopo.

Leo deki nyingi zimekufa, na kompyuta mpya nyingi za mkononi hazina tena mlango wa kuingizia CD. Lakini tatizo kubwa si deki. CD na DVD zinazorekodiwa kwa kompyuta huhifadhi picha katika rangi ya kikemikali iliyopakwa ndani ya plastiki, tofauti na zile za kiwandani ambazo hugandamizwa kwa muhuri. Rangi hiyo hufifia kwa joto na mwanga wa jua. Unyevu nao hudhuru tabaka la metali na gundi, na miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru ni ya mvua nyingi. Sehemu zake za juu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kabati lililoegemea ukuta wenye ukungu si mahali pa kuwekea sauti ya bibi aliyekwisha kufariki.

Kabla ya kuanza kazi, mwenye mali hana budi kujua anachoshika. VCD ina picha ya nukta 352 kwa 288 na huchukua dakika 74 hadi 80, ndiyo maana harusi moja iligawanywa katika CD kadhaa. DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7, na picha yake ni ya nukta 720 kwa 576. Hakuna programu itakayoifanya VCD iwe na uangavu wa simu za leo. Anayeahidi hivyo anauza maneno.

Diski chafu ifutwe kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, kamwe si kwa kuzungusha. Mchubuko wa upande wa maandishi huogopesha zaidi kwa CD, kwa kuwa tabaka la taarifa limefunikwa na rangi nyembamba tu upande huo. Kwa DVD tabaka hilo limo katikati ya plastiki mbili.

Hatua ya kwanza, ambayo mafundi wengi huiruka kwa haraka ya kumaliza, ni kutengeneza nakala kamili ya diski nzima, inayojulikana kama faili la ISO. Kinachohitajika ni kisomea DVD cha nje kinachochomekwa kwa waya wa USB. Nakala hii ndiyo asili mpya ya familia. Kazi nyingine zote zifanywe kutokana nayo, diski ipumzike. Hapa wengi hukwama kwa jambo dogo: flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili linalozidi gigabaiti 4, hata kama ina nafasi tele. Iandaliwe upya kwa mfumo wa exFAT, baada ya kuhamisha vilivyomo, maana kuandaa upya hufuta kila kitu. Flashi ya gigabaiti 64 itabeba DVD zipatazo 13.

Kwa VCD njia ni tofauti kidogo. Video yake imo katika folda la MPEGAV, ndani ya faili lenye kiambishi cha .DAT, ambalo programu ya VLC hulicheza bila shida. Sehemu za video za VCD zilinyimwa kinga ya ziada ya makosa ili nafasi itoshe, kwa hiyo mchubuko mdogo huweza kusimamisha unakilishaji wa kawaida. Programu ya ddrescue huruka sehemu iliyoharibika, huchukua iliyo nzima, kisha hurudi kujaribu tena. Matokeo yake yaweza kuwa sekunde chache za picha iliyovunjika, hasara ndogo kuliko kupoteza saa nzima.

Baada ya hapo huja ugeuzaji wenyewe. MakeMKV hutoa video ya DVD bila kuibana upya. HandBrake huibana kuwa MP4 inayochezwa na karibu kila simu. Katika HandBrake, kipimo cha ubora kati ya 18 na 22 hutosha kwa picha za ukubwa huu, na namba ndogo ndiyo ubora mkubwa. Iwapo mistari kama ya kitana huonekana mtu anapocheza au kukimbia, kichujio cha kuiondoa kiwashwe. Programu zote hizi za kubana na kucheza hupatikana bure, ingawa MakeMKV huwekwa masharti fulani ya matumizi.

Kusambaza kuna mitego yake. WhatsApp hupunguza ubora wa video ikitumwa kwa njia ya kawaida. Itumwe kama hati. Ikipandishwa YouTube, muziki wa Bongo Fleva uliopigwa ukumbini huweza kutambuliwa na wenye haki, kisha sauti ikazuiwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda pia mpiga video, basi ni uungwana kumtafuta. Na si kila kilichorekodiwa ni cha kuonwa na watu wote: shughuli za kumtoa mwali zina mambo ambayo wanawake wa Uluguru huyaweka miongoni mwao.

Kazi ya mwisho haihitaji kompyuta. Waluguru huhesabu ukoo upande wa mama, na mjomba anayeonekana akitoa nasaha kwenye video ya 2004 huenda vijana wa Dar es Salaam hawamjui hata kwa jina. Mzee aketishwe mbele ya picha angali na kumbukumbu, ataje nani ni nani, na majina yaandikwe pamoja na dakika wanapoonekana. Faili lenyewe lipewe mwaka, mahali na tukio, badala ya kuachiwa jina la VTS_01_1 lililotoka kwenye diski.