Sauti za Ngara: Kutoka Kanda hadi Kompyuta

Tarehe 28 Aprili 1994, kwa mchana na usiku mmoja, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia wilaya ya Ngara. Mwaka uliofuata Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi likaanzisha Radio Kwizera wilayani humo. Kwizera ni neno la matumaini katika Kirundi na Kinyarwanda, na wenyeji wa Rulenge na vijiji jirani hawakuhitaji sana mkalimani, kwa kuwa Kihangaza na Kishubi ni ndugu wa karibu wa lugha hizo.

Lakini redio husema ikapita. Kinachobaki ni kile kilichonaswa, na chombo ndicho kinachoamua kiasi chake. Sisi wa visiwani twalijua hilo: Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928, upande mmoja wa santuri ulimpa dakika tatu hivi, basi. Kanda ilikuwa karimu zaidi, ila huota ukungu, hulegea, na kila nakala hufifia kuliko mama yake.

Kompyuta haihifadhi wimbi la sauti, huhifadhi hesabu yake. Maikrofoni hugeuza mtikisiko wa hewa kuwa umeme. Kadi ya sauti huupima umeme huo, kwa kiwango cha CD, mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo hukiandika kwa tarakimu. Sikio la mtu husikia mitikisiko hadi kiasi cha 20,000 kwa sekunde, na hesabu hudai zaidi ya maradufu yake. (Wapenzi wa mizani, nadhani, hawatastaajabu kwamba sauti huhesabika.) Dakika moja ya njia mbili hula megabaiti 10 hivi. Sauti ikizidi kipimo, kilele chake hukatwa, wala hakirudishiki. Kilio cha ghafla ndicho kinachoharibika kwanza.

Na kanda ya saa moja huingia kompyutani kwa saa moja, maana lazima ichezwe kwa mwendo wake. Hivyo anayeokoa hulazimika kuchagua. Wengi wa Wanyarwanda wale walirudi kwao Desemba 1996. Kompyuta haiandiki nani alikuwa akisema, wala akimwita nani. Hilo huandikwa na mtu aketiye kando akisikiliza, na wawezao kuzitambua sauti za miaka ile wanazeeka.