Walioibeba Kura Wasiyoruhusiwa Kuipiga

Kutoka Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, unakatiza viwanja vya Mnazi Mmoja na kutokea Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Wakoloni waliuacha uwazi huu makusudi, ili makazi ya Waafrika wa Kariakoo yasigusane na mji wa Wahindi na Wazungu. Hapa ndipo TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, ilipohutubia umma, na hapa ndipo ninapoutafuta mchango wa wanawake wa ngoma.

TANU ilizaliwa Julai 7, 1954. Mwaka uliofuata John Hatch, mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, aliwauliza viongozi wa TANU: wanawake wenu wako wapi? Jibu likawa Bibi Titi, binti wa mjini aliyezaliwa mwaka 1926, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba. Hakuanza na hotuba. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, kwa kuwa kila kikundi kilikuwa na uongozi wake, michango yake na desturi ya kufaana harusini na msibani. Ukimpata kiongozi, umewapata wenzake wote. Ilipofika Oktoba 1955, wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiunga na chama. Wengi wao hawakuwa na elimu ya shule. Walijipatia riziki kwa kuuza maandazi, vitumbua au pombe.

Simulizi zetu huwakumbuka kama waimbaji wa kuchangamsha mikutano. Hilo ni kuwapunja. Mtandao wa kuaminiana ambao chama changa kiliuhitaji, wao walikuwa nao tayari, wameujenga kabla TANU haijakuwapo.

Ukaja uchaguzi wa kura tatu, 1958 na 1959. Kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na ili aandikishwe ilimpasa awe na elimu, cheo au kipato cha pauni 150 kwa mwaka. Muuza vitumbua wa Kariakoo angezitoa wapi? Januari 1958, mkutanoni Tabora, Julius Nyerere, kiongozi wa TANU, aliwashawishi wajumbe washiriki hivyo hivyo. TANU ikashinda, huku wengi wa wanawake walioieneza nyumba kwa nyumba wakiwa hawana haki ya kutumbukiza karatasi. Mwaka 1960 masharti yalilegezwa: kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza kulitosha. Hata hivyo, asiyejua kusoma na asiye na kipato wala cheo alibaki nje.

Harakati za wanawake hazikuishia kwenye kura. Julai 1962, Tanganyika ikiwa huru, wanawake wa Afrika walikutana Dar es Salaam na kuunda umoja wao, miezi kumi kabla ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) kuzaliwa Addis Ababa. Walikuwapo wajumbe wa nchi huru na wa vyama vya ukombozi. Algeria ilikuwa imepata uhuru mwezi huohuo, baada ya vita. Angola ilikuwa inapigana. Kwa wajumbe hao amani ilikuwa na sharti moja: ukoloni uondoke. Siku ya mwisho ya mwezi ule, Julai 31, bado huadhimishwa kuwa Siku ya Mwanamke wa Afrika.