Walinzi wa Viota: Habari ya Amani na Majina ya Ndege

Kiswahili kina kitenzi chake kwa kila hatua ya uzazi wa ndege, na vitenzi hivyo havibadilishani nafasi. Ndege hujenga kiota au hutafuta tundu, hutaga, huatamia, huangua, makinda hulishwa, huota manyoya, hupevuka, huruka. Aliyesema kuku amekalia mayai ameeleweka, lakini aliyesema anaatamia ametaja kazi yenyewe, ile ya kuyapa mayai joto la mwili siku baada ya siku hadi uhai ugonge ganda kwa ndani. Washairi wetu wameichota sana hazina hii. Kiota kimekuwa nyumba, kinda limekuwa mtoto, na aliyeatamia yai la mwenziwe amekuwa fumbo linalojulikana na kila mwenye kusikia mashairi ya mahaba. Tunachouliza kwa nadra ni nani aliyekaa chini ya mti akatazama, hata lugha ikapata maneno haya. Wengi wa watazamaji hao wametutangulia bila kuacha majina. Lakini wapo waliofanya kazi hiyo kwa saa na daftari, katika mahali na wakati unaojulikana: Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, kati ya mwaka 1928 na 1946.

Amani ipo juu ya Muheza, katika msitu wenye mvua nyingi na ukungu. Wajerumani waliifungua mwaka 1902 kuwa kituo cha utafiti wa mimea na kilimo, wakapanda miti kutoka pembe zote za dunia. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza waliirithi, na mwaka 1928 akafika pale mtu ambaye hakuletwa kwa ajili ya ndege hata kidogo. Reginald Ernest Moreau, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1897, alikuwa mtu wa mahesabu. Aliwahi kufanya kazi ya ukaguzi wa hesabu za jeshi, akaugua baridi yabisi, akapelekwa Misri mwaka 1920 ili jua la huko limsaidie. Huko jangwani ndiko alikojifunza kutazama ndege. Hakuwa na shahada ya sayansi. Amani ilimhitaji kwa vitabu vya fedha, na ndege walikuwa shughuli ya saa za ziada, yeye pamoja na mkewe Winifred.

Nadhani ule uhasibu ndio uliompa alichowazidi wataalamu wengi wa zama zake. Desturi ya wakati huo ilikuwa kumpiga ndege risasi, kumchuna, kumkausha na kumpeleka makumbusho. Mayai nayo yalitobolewa na kupangwa sandukuni. Moreau alikusanya ngozi pia, hakuwa tofauti katika hilo. Lakini alitaka kujua mambo ambayo ngozi haiwezi kuyasema: jike huatamia dakika ngapi kabla ya kutoka? Dume husaidia? Makinda hulishwa mara ngapi kwa saa? Hukaa kiotani siku ngapi? Majibu ya maswali haya hupatikana kwa njia moja tu, nayo ni kukaa karibu na kiota tangu alfajiri hadi magharibi, na kuandika kila kuingia na kila kutoka.

Mtu mwenye ofisi hawezi kukaa hivyo. Kwa hiyo kazi ya ulinzi wa viota iliwaangukia wasaidizi wake Waafrika, ambao maarufu wao ni Salimu Asmani. Walijua kuitafuta milango ya viota ambayo mgeni angeipita mara kumi bila kuiona, na walijifunza kusoma saa na kuandika dakika. Zingatia, msomaji, ugumu wa jambo hili. Kukaa kimya siku nzima katika msitu unaotona maji, siafu chini na mbu juu, macho yasibanduke kwenye tundu moja, na asubuhi yake urudi palepale. Mwaka 1939 ilichapishwa mjini London taarifa ndefu ya namna hiyo juu ya mbayuwayu mmoja wa kwetu, yule mwenye utosi mwekundu na nyuzi mbili ndefu mkiani, ajengaye kikombe cha tope chini ya madaraja na kwenye kuta. Mwaka 1940 Moreau na mkewe walichapisha nchini Marekani orodha ya muda wa kuatamia na wa kulea wa ndege wa Afrika. Kabla ya hapo takwimu za aina hiyo kwa bara letu zilikuwa haba mno. Ndege wetu walikuwa na majina ya Kilatini, lakini maisha yao hayakuwa yameandikwa.

Katika yote waliyoyalinda, hakuna linalonivutia kama hondohondo. Yule wa Amani ni mkubwa, mweusi mgongoni na mweupe tumboni, mashavu yana rangi ya fedha, na dume ana pembe kubwa ya rangi ya maziwa juu ya mdomo. Ukifika wakati wa kuzaa, jike huingia katika tundu la mti mrefu, na mlango huzibwa. Dume humeza udongo, akautoa kooni ukiwa madonge ya tope, naye jike huupachika kwa mdomo wake akiwa ndani, mpaka ubaki ufa mwembamba wa kupitisha ncha ya mdomo tu. Kiswahili cha pwani kina kitenzi kutawa, kwa mwanamke asiyetoka nje, na sijui kama kuna kiumbe kinachostahili kitenzi hicho kuliko huyu. Tangu hapo jike hategemei kitu ila dume. Dume huruka msituni akajaza koo matunda, akaja akajishika ukingoni mwa tundu, akayatapika moja moja na kuyapenyeza kwenye ufa. Kwa kiota kimoja cha Amani ilikadiriwa kwamba katika muda wa siku zipatazo 120 dume alikuja mara 1,600 na kuleta matunda 24,000.

Mtu asiyetunga mashairi ataona hapo tarakimu. Mimi naona kwamba ili tarakimu hiyo ipatikane, ilibidi mtu ahesabu matunda yaliyotolewa katika koo la ndege aliye juu kabisa ya mti, moja baada ya moja, kwa siku nyingi. Kisha makadirio yakajengwa juu ya hesabu hiyo. Na dume yule akiuawa njiani kwa manati au bunduki, waliomo ndani ya mti hawana wa kuwalisha. Watunzi wetu wanaotafuta mfano wa uaminifu wa ndoa hukimbilia njiwa, ambaye amechoka kwa kutumiwa. Hondohondo anangoja.

Jambo la pili lililotoka Amani lilifika mbali zaidi, ingawa halina hadithi nzuri kama hiyo. Viota vya ndege wadogo wa misitu yetu mara nyingi huwa na mayai mawili, pengine matatu. Chozi, kwa mfano, hutundika kifuko chake cha nyuzi na majani, akaweka humo yai moja au mawili. Ndege wadogo wa Uingereza hutaga matano, sita, na wapo wanaofika kumi. Kwa nini? Mwaka 1944, katika jarida la Ibis, Moreau alizipanga takwimu za Afrika na kuonyesha kwamba tofauti hiyo ni ya kweli na si bahati ya mikusanyo. David Lack wa Oxford aliingia katika mjadala huo mwaka 1947 kwa hoja kwamba ndege hutaga kwa kiasi cha makinda anayoweza kuyalisha, na kwamba siku ndefu za kiangazi cha kaskazini humpa muda mwingi wa kutafuta chakula kuliko saa kumi na mbili za Ikweta. Wataalamu wanaubishania mpaka leo. Sehemu ya msingi wa ubishi huo ilichimbwa Usambara, na majembe yalishikwa na watu waliozungumza Kiswahili, Kisambaa, Kibondei na Kizigua.

Hapa ndipo wapenzi wa lugha tunapoingia kwa haki. Moreau hakusikiliza ndege peke yao. Mwaka 1941 aliandika juu ya utani baina ya makabila ya Tanganyika, makala ambayo wanaanthropolojia wameirejea mara nyingi. Na mwaka 1942 jarida la chuo cha London cha masomo ya Mashariki na Afrika lilitoa makala yake juu ya namna watu wa eneo hili wanavyowapa ndege majina. Alitambua kwamba jina la ndege ni ushahidi wa kile ambacho watu wamekiangalia.

Linganisha na kamusi zetu. Frederick Johnson alitoa kamusi yake mwaka 1939, wakati uleule walinzi wakiwa viotani. Ifungue utafute ndege: mara kwa mara utakutana na maelezo yasemayo ni aina fulani ya ndege, basi. Kamusi zilizofuata zimeurithi uvivu huo. Charles Sacleux, padri Mfaransa aliyekuwa pia mkusanyaji wa mimea, alijitahidi zaidi katika kamusi yake iliyoanza kutoka mwaka huohuo, lakini iko kwa Kifaransa na wachache wanayo. Matokeo yake ni kwamba kijana anayesoma leo anaona kurumbiza, shore, kipwe na tiva kama maneno manne yenye maana moja. Babu zake hawakuwa hivyo. Aliyetofautisha mbayuwayu na teleka alikuwa ameona kwamba mmoja hutua kwenye tawi na mwingine hatui. Aliyemwita dudumizi na aliyemwita hondohondo alikuwa ameusikia msitu kabla hajauona. Nami sifurahishwi na wanaotunga majina mapya kwa kutafsiri vitabu vya Kiingereza neno kwa neno, ilhali chozi yupo, ninga yupo, kitororo yupo. Ndege mmoja aliyeelezwa kisayansi mwaka 1935 na William Sclater pamoja na Moreau hupatikana Usambara na pia katika msitu wa Arabuko-Sokoke nchini Kenya. Chozi wa Amani: jina limekamilika bila mkalimani.

Kazi ya kutazama viota haikufa Moreau alipoondoka mwaka 1946. Nairobi, ambako chama cha historia ya viumbe cha Afrika Mashariki kilianzishwa mwaka 1909, wanachama waliendelea kuandika kumbukumbu za viota kutoka bustani za mjini, mashambani na mbugani, na mwaka 1980 Leslie Brown na Peter Britton wakazikusanya katika kitabu juu ya majira ya kuzaa ya ndege wa Afrika Mashariki. Amani yenyewe ilitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997.

Pwani hali ni nyingine. Miaka ya 1890 kunguru wa Bara Hindi aliletwa Unguja, kwa nia ya kusafisha taka. Alisafisha, kisha akavuka bahari. Leo yuko Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, na chakula chake ni pamoja na mayai na makinda ya ndege wengine. Katika miji hiyo jina la chozi au la kwera linaweza kubaki katika shairi baada ya kiota kutoweka kwenye mwembe ulio nje ya dirisha la mtunzi.

Nimalizie kwa majina ya Kilatini, maana nayo ni kumbukumbu. Ndege mdogo wa Usambara mwenye mdomo mrefu alipewa jina la Moreau mwaka 1931. Ndege wa milima ya Uluguru alipewa na Moreau jina la Winifred mwaka 1938. Kwa upande wa wasaidizi, mfano ninaoujua vema unatoka kusini: Jali Makawa, Myao wa Nyasaland, aliyefuatana na Constantine Benson kwa miongo kadhaa. Mwaka 1964, mahali paitwapo Mayau nchini Zambia, alipatikana kitororo mwenye kifua cheupe ambaye hakufanana na waliojulikana, na mwaka uliofuata akaitwa makawai. Wataalamu wanabishana kama ni ndege wa aina yake au ni kitororo wa kawaida aliyezaliwa na rangi tofauti. Ngozi ni hiyo moja tu, iko Tring, Uingereza. Waliorudi Mayau kumtafuta hawakumwona tena, na kiota chake hakijaonekana na mtu yeyote.